Tunawaombea wamishenari walio ng'ambo, lakini tumeishiwa maneno

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa hapa Arua, katibu wa kikundi cha maombi cha akina mama kanisani kwetu. Mwaka jana kijana wetu mmoja na mkewe walitumwa Thailand, na kila Alhamisi saa kumi jioni tunawaombea wao pamoja na wamishenari wengine walio ng'ambo. Shida ni kwamba tumeishiwa maneno. Tunasema "Bwana wabariki, wafunike kwa damu, vunja ngome za Ubudha, vunja mila za giza", dakika tano zimeisha, tunarudi kwenye habari za wajukuu na mvua. Juzi mama mmoja akauliza: hao watu wa huko, mila zao zote ni za shetani? Mbona hata babu zetu sisi waliambiwa hivyo hivyo? Nikakosa la kumjibu. Tuombe nini hasa, na utamaduni tusioujua tuuombeeje?

Jibu: Asifiwe, Mama. Msalimie sana huyo mama aliyeuliza, maana swali lake ndilo lililobeba lako. Nitaanza naye.

Msiombe utamaduni wa watu uvunjwe wakati hamjui ndani yake mna nini. Waombeeni watumishi wenu masikio. Kinywa wanacho tayari, ndicho kilichowafanya mkawatuma. Sikio ndilo hukawia, na likikawia mno, kinywa huharibu kazi.

Mfano uko karibu nanyi, ng'ambo tu ya Nile. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Gulu, ndiye aliyeisimulia habari hii. Mwaka 1911 mapadre wa Kiitaliano waliwakusanya wazee wa Kiacholi wakawauliza nani aliwaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ile ya Mwanzo sura ya kwanza, kwa hiyo swali liliwafikia wazee hivi: nani aliwafinyanga? Wazee wakashangaa. Watu si vyungu, watu huzaliwa na mama zao. Wageni wakashikilia kwamba lazima yupo aliyewafinyanga. Ndipo mzee mmoja akakumbuka: kweli, wapo watu ambao hufinyangwa, wale ambao mgongo huanza kupinda mpaka wanakuwa vibiongo, na anayewapinda hivyo ni Rubanga. Basi mapadre wakapata jibu walilolitafuta: Rubanga ndiye Muumba. Kumbe hilo lilikuwa jina la pepo aliyeogopwa kwa ugonjwa ule, ambao hospitalini leo wanauita kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Leo Mkristo wa Kiacholi akimwita Mungu Rubanga hawazi kibiongo. Neno limeoshwa na miaka mia moja ya sala, na hiyo nayo ni rehema ya Mungu. Lakini ombi lililohitajika siku ile lilikuwa dogo sana: Bwana, mpe mzee mmoja ujasiri wa kumwambia padre kwamba swali lake limekaa vibaya, na umpe padre unyenyekevu wa kumsikiliza. Ombi la namna hiyo halina ngome wala radi, na hakuna mtu atakayepiga kelele za "Ameni" likiombwa. Ndiyo sababu tunalisahau.

Mimi mwenyewe nimefanya kosa la ukoo huo huo, tena bila udhuru wa mwaka 1911. Niliishi kaskazini ya Thailand miaka mitatu nikifundisha Biblia. Katika mwezi wangu wa nane, jirani mmoja, bibi wa heshima zake, alinikaribisha nyumbani. Nikaona mlango huo umefunguka, nikaenda moja kwa moja Yohana sura ya tatu: Bibi, sharti uzaliwe mara ya pili. Akanimiminia maji, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mara ya pili? Mimi hii moja tu imenichosha." Nikadhani anatania. Nikaongeza habari za uzima wa milele.

Mwalimu wangu wa lugha ndiye aliyenieleza baadaye. Kwa Mbudha, kuzaliwa tena na tena ndiyo shida yenyewe. Mtu anakufa, anazaliwa, anateseka, anakufa, anazaliwa, na tumaini lake ni kutoka siku moja kwenye mzunguko huo. Kwa hiyo mimi, kwa bidii zote za Injili, nilikuwa nimemsomea yule bibi hukumu ya kifungo cha maisha huku nikitabasamu. Na wiki ile ile kanisa langu la nyumbani lilikuwa limefunga siku tatu likiomba milango ifunguke Thailand! Mlango ulikuwa wazi, Mama. Nilikuwa nimekaa sebuleni mwake nikinywa maji yake. Kilichokosekana ni maneno.

Someni tena Wakolosai 4:3 na 4. Paulo anaomba aombewe mlango, na mstari huo tunaujua wote. Ila mara moja anaongeza aombewe aidhihirishe ile siri kama inavyompasa kunena. Mtume mzima, mwandishi wa nyaraka, anaomba aombewe asieleweke vibaya. Huko Listra yalikuwa yamemkuta: watu walipaza sauti kwa Kilikaonia, yeye na Barnaba hawakuelewa, na walipokuja kushtuka kuhani wa Zeu alikuwa ameshaleta ng'ombe na mataji ya maua awatolee sadaka kama miungu. Mtu aliyepitia hayo haombi tena kwa jumla jumla.

Kwa hiyo ombi la kwanza la Alhamisi liwe lugha, na liwe hivyo kwa miaka miwili mitatu, si kwa wiki mbili. Kithai kina toni tano. Neno "suai", sauti ikipanda mwishoni, ni mrembo. Sauti ikikaa tambarare, ni mwenye mkosi. Mimi nilisimama harusini nikamwambia bibi arusi, mbele ya shangazi zake, kwamba leo ana mkosi kweli kweli. Ninyi mnaosema Kilugbara mna nafuu, mnajua kwamba sauti ikipanda au ikishuka neno linageuka. Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili peke yake tunateseka. Na msimwombee mke kidogo kuliko mume: mara nyingi mume ndiye anayepelekwa darasani, mke anabaki nyumbani na watoto, na baada ya mwaka mmoja yeye ndiye hawezi hata kununua nyanya bila kuonyesha kwa kidole. Waulizeni hilo waziwazi.

Saa nazo zitawasaidia. Thailand wako mbele yetu kwa saa nne. Mkikutana saa kumi jioni, kwao ni saa mbili usiku, watoto wanalazwa na wazazi wamechoka. Huo ni wakati mzuri wa kuiombea nyumba yao, ndoa yao, usingizi wao. Mama anayeamka kuomba saa kumi na mbili asubuhi ajue kwao ni saa nne, darasa la lugha liko katikati.

Sasa mila. Ukitembea mji wowote wa Thailand utaona mbele ya nyumba, hoteli, hata kituo cha mafuta, kijumba kidogo cha rangi kimesimama juu ya nguzo moja, kama nyumba ya njiwa. Ni makao ya roho mlinzi wa kiwanja. Asubuhi mwenye nyumba huweka pale maua, wali, ubani, na mara nyingi chupa ya soda nyekundu iliyofunguliwa, mrija umo ndani tayari, ili roho anywe. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikumbuka abila ya Waacholi na essabo ya Baganda, vijumba vya ibada za jadi, nikaacha kucheka. Yule mama wa kikundi chenu angekiona kijumba hicho, angekielewa kwa dakika moja kuliko mmishenari wa Ulaya kwa mwaka mzima. Hiyo ni karama mnayoweza kuitumia katika maombi.

Sikwambii kijumba hicho ni pambo tu. Ni ibada, na mtu akimwamini Kristo itabidi aamue atakifanyia nini. Lakini Mthai huyo huyo huvua viatu mlangoni, huunganisha viganja na kuinama anapomsalimu mkubwa, huepuka kumwaibisha mtu hadharani, haelekezi nyayo zake kwa mtu, wala hagusi kichwa cha mtu mwingine. (Mimi niliwabariki watoto kanisani kwa kuwawekea mkono kichwani, kama tufanyavyo hapa. Ukimya uliofuata bado nausikia.) Haya yote nayo ni mila. Ukisema "vunja mila", umeomba yavunjwe na haya, ambayo dada wa Kiganda anayepiga magoti kumsalimu baba yake angeyaelewa bila mkalimani.

Ndiyo maana naona ombi sahihi ni la hekima ya kutofautisha, na hekima hiyo wapewe hasa waumini wa Kithai wenyewe. Wao ndio wataamua kijumba kiondolewe lini, kwa maneno gani, na mama mkwe aambiwe nini. Mgeni akikiondoa mwenyewe amevunja nyumba ya watu. Baraza la Matendo 15 liliketi kwa ajili ya jambo la aina hii, na halikuwawekea Mataifa kongwa lote la Kiyahudi. Kuhusu neno "ngome" nitasema kidogo tu: Paulo alilitumia katika barua kwa Wakorintho, watu wa kanisa, akisema habari za hoja na majivuno yanayojiinua juu ya elimu ya Mungu. Nyingine ya ngome hizo huabiri ndege Entebbe pamoja na mmishenari.

Mzee wetu mmoja hupenda kusema mmishenari anahitaji ushujaa. Mimi humrudisha kwa Askofu James Hannington, mmishenari Mwingereza. Ushujaa alikuwa nao wa kutosha. Alitoka pwani akapita Umasaini, akaingia Busoga ili afike Buganda kwa njia ya mashariki. Asichokijua uzito wake ni kwamba Baganda walikuwa na hofu ya siku nyingi kuwa atakayeila nchi yao atatokea upande huo, na mwaka ule ule Wajerumani walikuwa wanajitwalia ardhi kule pwani. Wenzake waliokuwa wakiishi Buganda waliielewa hatari hiyo kwa sababu walikuwa wamekaa, wamesikiliza. Aliuawa tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na karibu wote wa wale wapagazi hamsini aliokuwa nao waliuawa pamoja naye.

Hapo kwa wapagazi nataka tusimame kidogo. Kalenda ya Anglikana inamkumbuka askofu. Wale hamsini tunawaita "wapagazi" basi, kana kwamba hawakuwa na mama wa kuwangoja nyumbani. Hata Mchungaji William Jones, Mwafrika aliyekuwa amekombolewa kutoka utumwani, ambaye aliongoza sehemu iliyobaki ya msafara kurudi hadi pwani, ni wachache wanaomtaja. Na kabla yao, kabla mmishenari yeyote wa Kizungu hajakanyaga Buganda mwaka 1877, alikuwapo Dallington Maftaa, kijana wa shule ya misheni ya Zanzibar, aliyeachwa na msafiri Stanley mwaka 1875 katika ikulu ya Mutesa amsomee Kabaka Maandiko. Kiswahili, lugha hii tunayoandikiana mimi na wewe, ndicho kilichokuwa daraja: wakuu wa ikulu walikuwa wamekizoea kwa wafanyabiashara wa pwani, na wamishenari wa kwanza walifundishia humo kabla hawajakimudu Kiganda.

Nayasema haya kwa sababu vikundi vyetu vya maombi vina tabia ya kumwombea mwenye picha ukutani tu. Huko Thailand nako wapo wenye kubeba mzigo bila picha: mwalimu wa lugha, mwenye nyumba aliyekubali kuwapangisha wageni, mchungaji wa Kithai ambaye kanisa lake dogo linamlea kijana wenu na mkewe. Wakristo wa Thailand ni kama asilimia moja tu ya watu. Mchungaji huyo amekuwa kazini kabla kijana wenu hajafika na atabaki baada yake. Muombeeni yeye, na muombe kijana wenu akubalike kwake. Paulo alijua hatari hiyo: katika Warumi 15:31 anaomba aombewe ili huduma yake ikubalike kwa watakatifu wa Yerusalemu. Alikuwa anapeleka mchango wa fedha, kitu ambacho ungedhani hakuna atakayekikataa, na bado aliogopa kwamba Wakristo wa kabila moja wangeupokea vibaya mkono wa Wakristo wa makabila mengine.

Mengine nitayapita haraka. Viza: huwa inakwisha wakati mbaya kuliko wote. Shule ya watoto. Chakula pia: msicheke, mtu anaweza kulia kwa kutamani enyasa, ugali wa kwenu. Na rangi yao. Mwafrika katika mji mdogo wa Asia hutazamwa kutoka asubuhi hadi jioni, wengine humgusa nywele, wengine humwuliza anachezea timu gani, wengine huhama kiti. Vijana wetu hawaandiki hayo katika barua za maombi kwa sababu wanaona kama ni manung'uniko, basi yaombeeni bila wao kuyaandika.

Na barua hizo zichungeni. Katika mwaka wangu wa pili niliandika habari za binti mmoja aliyeanza kusoma Injili kwa siri, nikaweka na picha yetu ya darasa. Mtu mwema katika kanisa moja lililokuwa likituombea akaibandika Facebook, kwa shangwe kabisa, na jina la binti. Siku hizi simu inatafsiri yenyewe. Kaka yake aliiona kabla ya mwezi kuisha, na binti hakurudi darasani tena. Kwa hiyo kwenye WhatsApp ya kikundi chenu tajeni herufi ya kwanza tu ya jina la mwenyeji, na picha zibaki kwenye simu ya katibu. Mungu hahitaji jina la ukoo.

Limebaki jambo ambalo litawajaribu ninyi kuliko wao. Sisi wa Uganda tumezoea mavuno ya haraka bila kujua kwamba tumeyazoea. Wamishenari walifika 1877, mashahidi waliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na kufikia 1896 Biblia nzima ilikuwa imechapwa kwa Kiganda. Ilikuwa chini ya miaka ishirini! Tukaamini kwamba ndivyo Mungu afanyavyo kila mahali, damu ikimwagika kanisa linachipuka. Thailand ilipata wamishenari wa Kiprotestanti mwaka 1828, karibu miaka hamsini kabla yetu. Kazi ya Chiang Mai ilianza 1867, na miaka miwili baadaye waumini wawili miongoni mwa wale wa kwanza kule, Nan Chai na Noi Sunya, waliuawa kwa amri ya mtawala kwa sababu ya imani yao. Walikufa wakiwa imara kama vijana wetu wa Namugongo. Na bado, hadi leo, asilimia moja.

Sina maelezo ya kukufurahisha juu ya hilo, na anayedai kuwa nayo ningemkwepa. Ninachokijua ni madhara yake. Kikundi cha nyumbani kikichoka kusubiri huanza kuuliza, "Wameokoka wangapi mpaka sasa?" Mmishenari naye, anayetegemea kikundi hicho kwa maombi na kwa posho, huanza kuhesabu watu ambao bado hawajaamua lolote. Nimeshawahi kuhesabu hivyo. Niliandika "saba" wakati ninyi mngewatazama wale watu mngesema wawili, labda watatu. Waandikieni watoto wenu kwamba hamtawauliza idadi. Waulizeni wiki hii wamekula nyumbani kwa nani, neno gani jipya wamelielewa, wamemkosea nani na kama wamesamehewa. Majibu ya maswali hayo yatawajaza maombi ya saa nzima, mvua na wajukuu watangoja.

Kwa Alhamisi hii anzeni na kitu kimoja. Mwandikie kijana leo, umwombe jina la mwalimu wao wa lugha (herufi moja yatosha) na tarehe ya mtihani unaofuata. Akijibu, mpeni zamu ya kwanza ya kumwombea mwalimu huyo yule mama aliyeuliza kuhusu babu zetu.